Kaburi la Mheshimiwa

Rais Jomo Kenyatta alifia Mombasa tarehe 22 Agosti 1978, akazikwa Nairobi tarehe 31. Kaburi lake limo katika uwanja wa Bunge na askari hulilinda hadi leo. Huku Kinondo, pwani ya Kenya, mheshimiwa akifa huzikwa kama jirani yake.

Suleiman Dori, aliyechaguliwa mbunge wa Msambweni mwaka 2013 na tena 2017, alifariki dunia tarehe 9 Machi 2020. Alizikwa Gazi, ndani ya wadi ya Kinondo, kwa taratibu za Kiislamu.

Taratibu hizo hazimbagui mwenye cheo. Kwanza, maiti haikawizwi: aliyekufa alfajiri, mara nyingi alasiri ameshazikwa, kwa hiyo hakuna muda wa kuunda kamati ya mazishi wala kuchapisha fulana zenye picha yake. Akishakoshwa, mwanamume huvikwa sanda ya nguo tatu nyeupe, awe mbunge au mvuvi. Jeneza ni mali ya msikiti. Likimfikisha mtu makaburini hurudishwa kumngoja mwingine. Juu ya shimo watu hukunjua shuka na kulishika pembe zote, na chini yake jamaa wawili watatu waliokwisha kuingia humpokea ndugu yao. Humlaza kwa ubavu wa kulia ndani ya mwanandani, uso ukielekea kibla, kisha huziba kwa viunza. Waliosimama juu hutia udongo, makofi matatu matatu. Gavana akija, hupanga safu moja na mwendesha bodaboda. Mwenye hotuba asubiri.

Hotuba hazikosi, lakini mahali pake ni baada ya maziko, au matangani. Huko siasa hurudi na viatu vyake. Kiti cha Dori kiligombewa tarehe 15 Desemba mwaka huohuo, na mgombea huru Feisal Bader akambwaga Omar Boga wa ODM, chama cha marehemu.

Usawa huu wa kaburi unakutana na desturi kongwe ya Wadigo, Wamijikenda wa huku. Kaya Kinondo, msitu wa takriban hekta 30 kando ya bahari, ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Ndani yake wamezikwa wazee wa zamani, waliokuwa wakiamua kesi, wakiombea mvua na kupatanisha koo. Huo ndio uliokuwa uongozi. Heshima yao hukaa katika mwenendo wa aliye hai: anayeingia kaya hujifunga kaniki nyeusi, husikiliza anachoambiwa na mzee anayemwongoza, wala haondoki na hata kijiti.

Na mtawala aliyevuma kuliko wote Gazi hata kaburi hana hapa. Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui aliwapiga vita Waingereza mwaka 1895 na 1896, aliposhindwa akavuka mpaka kwenda kwa Wajerumani, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Nyumba yake ya Gazi ilikuja kuwa shule. Watoto wamejifunza kusoma ndani ya kuta zake, na hilo limemhifadhia jina kuliko ambavyo saruji ingeweza.

Mheshimiwa wa leo hupimwa pale mzigo wa madeni unapotajwa hadharani. Kabla ya maziko, msemaji wa familia hutangaza mbele ya waombolezaji: marehemu alikuwa binadamu, aliyekosewa naye amsamehe, anayemdai aende kwa warithi. Kwa mvuvi, hesabu hiyo ni nyepesi: nyavu alizokopa, vibaba vya unga dukani. Kwa mwanasiasa ni nzito. Ahadi ni deni, na yeye aliahidi barabara, kisima, basari ya watoto, hati ya shamba ambalo watu wamelilima miaka mingi bila karatasi. Hakuna anayejitokeza siku hiyo kudai kisima. Ingekuwa ni kukosa adabu. Lakini kila mtu anajua ni ahadi ipi iliyotimizwa na ipi haikutimizwa, na deni hilo warithi hawawezi kulilipa. Anayekuja kugombea kiti ndiye atakayedaiwa, na bora aende makaburini akilijua.