Zawadi ao deni? Ginsi ya kupima matendo mema ya kompani za madini

Tuanze na shauri moja la zamiri, sawa tunavyozoea katika masomo ya maadili. Padri fulani anachunga parokia iliyo karibu na mugodi wa shaba. Kompani inamupelekea mabati 200 ya kufunika kanisa, pamoja na barua ya heshima. Dominika inayofuata, Padri anaishukuru mbele ya waamini wote. Katikati ya juma mama mujane mumoja anakuja kwake. Shamba lake la mihogo limeingia ndani ya lupango ya mugodi, na mwaka muzima umepita bila yeye kulipwa hata franga moja. Anamuomba Padri amusindikize kwa wakubwa wa kompani. Padri anasitasita. Mabati yanang'aa juu ya kichwa chake. Afanye nini?

Shauri hili laweza kumufikia kila mumoja wetu anayetumwa Kolwezi, Likasi, Fungurume ao mahali pengine pa madini. Kwa hiyo inafaa tujue namna ya kupima matendo ya kompani, tusiyasifu bila kufikiri, wala kuyalaumu bila kufikiri.

I. Madaraka ya kompani ni nini?

Siku hizi kompani kubwa zinasema sana juu ya madaraka yao kwa jamii. Maana yake ni hii: anayetafuta faida mahali fulani ana madaraka kwa watu wote wanaoguswa na kazi yake, si kwa wenye mali ya kompani peke yao. Baba Mtakatifu Benedikto XVI aliyafundisha hayo mwaka 2009 katika barua yake Caritas in Veritate: wafanya kazi, wanunuzi, wauzaji na watu wa inchi ile, wote wahesabiwe.

Lakini tupambanue mambo matatu. La kwanza ni deni la haki: mushahara unaostahili, malipo ya shamba lililotwaliwa, maji yasiyoharibiwa. La pili ni deni la sheria: kodi na mapatano yaliyoandikwa. La tatu ni zawadi, ndiyo mali inayotolewa kwa moyo mwema, hata pasipo deni lolote. Mutaguso wa Vatikano wa Pili, katika Apostolicam Actuositatem ya mwaka 1965, uliweka utaratibu ulio wazi: haki itimizwe kwanza, ili kitu ambacho mutu anakidai kwa haki kisitolewe kwa sura ya sadaka. Mbele yake, mwaka 1931, Pio XI alikuwa amekwisha kufundisha kwamba mapendo hayawezi kushika nafasi ya haki. Hapa ndipo mizani yetu inapotundikwa.

II. Mafundisho ya historia yetu

Katika Katanga neno hili si jipya. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Kisha ikajenga kambi za wafanya kazi, hospitali na nyumba za masomo, na wamisionari walisaidia sana katika kazi ya kufundisha. Watoto wengi walipona na kusoma kwa sababu ya kazi hiyo, na kusema kinyume ni kukosa ukweli. Lakini mwezi wa kumi na mbili 1941 wafanya kazi wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, waligoma wakiomba kuongezewa mushahara. Askari wakawapiga risasi, na wengi wakafa. Hospitali nzuri haikuweza kulipa deni la mushahara, wala kuwapa watu nafasi ya kusema.

Fundisho la pili lilikuja nyuma. Gécamines, iliyoriti migodi ile, iliendelea kuwa kama baba wa miji yake: masomo, dawa, hata unga. Ilipoanguka miaka ya 1990, vyote vikatikisika pamoja nayo. Mwaka 2003 wafanya kazi zaidi ya 10.000 waliachishwa kwa mupango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Mema yanayotegemea ukarimu wa kompani peke yake hayana mizizi. Kompani ikifa, nayo yanakufa.

III. Sheria inasema nini leo?

Sheria ya madini ya mwaka 2002 ilibadilishwa tarehe 9 mwezi wa tatu 2018. Tangu hapo mambo mengi yaliyoitwa zawadi yamekuwa deni.

Kwanza, kompani inapaswa kupatana na watu wanaokaa karibu na mugodi na kuandika kaye de sharje, ndiyo kaye ya mapatano: barabara gani, nyumba ya masomo gani, maji wapi, na kwa wakati gani.

Pili, kila mwaka itoe kwa maendeleo ya watu hao sehemu isiyopungua 0,3 kwa mia ya feza zote ilizopata kwa kuuza. Feza hizo zinaongozwa na chama chenye wajumbe wa kompani na wajumbe wa watu wa pale.

Tatu, kuna kodi juu ya bei ya madini yanayouzwa, na kwa shaba ni 3,5 kwa mia. Kodi hiyo inagawanywa hivi: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa provensi, 15 kwa muji, komine, sekta ao sheferi ambamo mugodi uko, na 10 kwa mufuko wa vizazi vitakavyokuja.

Tufanye hesabu. Kompani ikiuza shaba ya dola 1.000.000.000 kwa mwaka mumoja, ile 0,3 kwa mia ni dola 3.000.000. Kodi ni dola 35.000.000, na katika hizo sekta ao komine ya pale inapaswa kupata 5.250.000. Mbele ya hesabu hiyo, mabati 200 ni kitu gani? Tena tuone kwamba hesabu hii inawahukumu watu wawili. Kompani ikilipa vyema na feza ya sekta ikapotea ofisini, kosa si la kompani, na muhubiri asiyepambanua hayo anasema uongo bila kujua.

IV. Maulizo manne ya kupimia

Mwenye kuchunga roho aulize hivi:

1. Je, deni la haki limelipwa? Aanze na walioondolewa mashambani, kisha aende kwa vibarua wanaoajiriwa na kompani ndogo chini ya kompani kubwa, kisha atazame maji ya muto.

2. Je, deni la sheria limelipwa? Aombe kaye ya mapatano na aisome pamoja na watu. Tena kuna ripoti za ITIE ambazo inchi yetu inazitoa. Mule feza ambazo kompani inasema imelipa zinalinganishwa na zile ambazo serikali inasema imepokea.

3. Nani alichagua kazi hiyo? Kisima kilichochimbwa mahali ambapo wamama hawapiti ni kisima cha picha tu.

4. Kazi itasimama namna gani siku mugodi utakapofungwa? Nyumba ya masomo bila mwalimu anayelipwa ni kuta tu.

Maulizo haya hayahitaji elimu kubwa. Katekista anayejua kusoma na kuhesabu anaweza kuyauliza, na mara nyingi yeye anajua zaidi kuliko Padri ni shamba la nani limetwaliwa. Lakini asiende peke yake. Maaskofu wetu walisimika mwaka 2007 komisyo juu ya mali ya asili ya inchi, na shauri zito lifikishwe kwa Askofu.

V. Jibu la shauri letu

Je, Padri alifanya zambi kupokea mabati? Hapana, kupokea zawadi si kosa. Lakini alikosa busara mara mbili. Alipokea mbele ya kuuliza kama madeni yamelipwa, tena aliishukuru kompani mbele ya waamini wote, na pengine kati yao walikuwamo watu wanaoidai kompani hiyo. Sasa amusindikize yule mujane, bila matusi na bila woga, akichukua ushuhuda wa chefu wa kijiji na kipimo cha shamba. Kama kompani ina nia njema, itashukuru kujulishwa deni lake. Kama inakasirika na kukumbusha mabati, basi imeonyesha yenyewe kwamba yale hayakuwa zawadi. Yalikuwa bei ya kinywa cha Padri. Katika hali hiyo heri ayarudishe, na watu wasali chini ya nyasi kwa muda, kuliko mujane kukosa mutu wa kumusemea.

Waseminari wapendwa, siku moja barua ya heshima kama ile itafika mezani kwenu. Mbele ya kuijibu, mutembee kwanza mupaka kwenye lupango ya mugodi, muulize mashamba yale yalikuwa ya nani.