Stima Inapoimba G

Stima ya Kenya ina noti yake. Umeme wa kwenye soketi huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na mwendo huo ukisikika kwenye spika huwa noti iliyo juu kidogo tu ya G, ile unayoipata kwenye freti ya tatu ya uzi mnene wa gitaa la besi. G hiyo hutetemeka mara 49 kwa sekunde. Oktava moja juu mambo ni yale yale: uzi wa G ukipigwa wazi hutetemeka mara 98, na mvumo wa amplifaya ambayo kapasita zake zimechoka huwa mara 100. Sauti mbili zinazokaribiana kiasi hicho hazikai pamoja kwa amani. Mpigaji akishika G ya chini, sauti huvimba na kunywea mara moja kila sekunde, naye huanza kukaza nyuzi zisizo na kosa. Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, mvumo huangukia katikati ya noti mbili nyingine, mbali na G. Kwa hiyo mawaidha mengi ya kununua pikapu za besi yameandikwa na watu ambao stima yao inaimba ufunguo tofauti na wetu.

Kwa mpigaji wa Mboghoni, wadi ya migomba na mifereji huko Taveta, suala hili si la anasa. Kutoka mji wa Taveta hadi Voi ni kilomita 110 hivi, na kutoka Voi hadi maduka ya Mombasa ni 150 nyingine. Anayetafuta plagi au kebo huona heri avuke mpaka Holili aende Moshi. Ala ikishafika huku, inatumika mpaka basi. Chukua besi ya kwaya iliyopita mikononi mwa wapigaji watatu au wanne: leo imechomekwa kwenye stima ya kawaida, Jumamosi kwenye jenereta ya harusi, wiki ijayo kwenye inveta ya sola. Siku inapoanza kuvuma na kukosa nguvu, uamuzi hufanywa upesi: pikapu imekufa, tuchange tununue nyingine. Pengine ni kweli. Mara nyingi si kweli.

Pikapu ni kile kibao cheusi kilicho chini ya nyuzi. Ndani mna sumaku, na kuizunguka sumaku umeviringwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, wenye unene wa milimita 0.06 hivi, maelfu ya mizunguko, hata elfu kumi. Sumaku huupa uzi wa chuma usumaku wake. Uzi ukitetemeka, uga wa sumaku unaopita ndani ya koili hubadilika, na kila unapobadilika umeme mdogo huzaliwa kwenye waya. Michael Faraday aliionyesha kanuni hiyo London mwaka 1831, na ndiyo hiyo hiyo inayoendesha jenereta ya harusi. Ndiyo sababu uzi wa nailoni ni bubu mbele ya pikapu ya sumaku. Na ndiyo sababu koili haibagui: haijui kama uga unaobadilika umetoka kwenye uzi au kwenye transfoma ya amplifaya iliyo hatua mbili kutoka hapo. Vyote huingia.

Mtengenezaji wa magitaa wa Marekani, Leo Fender, alipotoa besi yake ya Precision mwaka 1951, aliipa koili moja tu, nayo ilivuma kama zote za wakati huo. Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya magitaa ya Gibson, alishughulikia tatizo hilo kwa upande wa gitaa la kawaida na kuomba hataza mwaka 1955. Miaka miwili baadaye Fender aliikata pikapu ya Precision vipande viwili, kimoja chini ya nyuzi za E na A, kingine chini ya D na G, kimepishana kidogo na mwenzake. Umbo hilo mpaka leo ndilo unaloliona kwenye besi nyingi za bei nafuu madukani.

Ujanja wake unafaa kuelezwa polepole, kwa sababu ndio unaoamua mengi katika ununuzi. Koili ya kipande cha pili imezungushwa kinyume na ya kwanza. Mvumo wa stima huingia kwenye koili zote mbili kwa wakati mmoja, na kwa kuwa moja iko kinyume, mvumo wa huku huondoa mvumo wa kule. Sasa, kama ingegeuzwa koili peke yake, nusu ya nyuzi zingetoa umeme wa kinyume na nusu nyingine. Kwa hiyo na sumaku ya kipande cha pili nayo imegeuzwa, kaskazini mahali pa kusini. Sauti ya uzi hutegemea koili na sumaku kwa pamoja: umegeuza vyote viwili, umerudi ulikotoka, na sauti inasalimika. Mvumo hautegemei sumaku ya pikapu hata kidogo, hivyo wenyewe haurudi. Sijui uvumbuzi mwingine katika muziki wa umeme uliogharimu kidogo hivyo ukafaa hivyo.

Besi ya Jazz ya Fender, ya mwaka 1960, ilikuja na pikapu mbili nyembamba, moja upande wa shingo na moja upande wa daraja. Kila moja ina koili moja. Zikifunguliwa zote kikamilifu hutulizana kama vile vipande viwili. Ukipunguza moja, mvumo unarudi. Wapigaji wengi hawalijui hili, wanahangaika na kebo.

Utasema mvumo kidogo hauui mtu. Katika roki ya makelele, pengine. Lakini sikiliza besi ya Tom Malanga katika “Sina Makosa” ya Les Wanyika, kundi lililoanzishwa Nairobi mwaka 1978. Malanga hajazi kila nafasi. Anaweka noti, anaacha pengo, anaweka nyingine, na pengo lile ni sehemu ya mdundo kama noti zenyewe. Muziki wetu mwingi wa dansi, na kwaya nyingi zilizojifunza kutoka humo, umejengwa juu ya mapengo ya namna hiyo. Besi inayovuma huyajaza yote kwa G isiyokwisha. Ndiyo maana, kwa mpigaji wa hapa, naweka ukimya mbele ya kila kitu kingine: mbele ya nguvu, mbele ya jina la kampuni, mbele ya huo “utamu wa zamani” unaouzwa kwa bei ya ng'ombe. Pikapu ya vipande viwili, au yenye koili mbili ndani ya kasha moja, kwanza. Mengine baadaye.

Lakini kabla ya kuchanga pesa, kuna majaribio ya dakika chache. Gusa nyuzi kwa kiganja. Mlio wa kukwaruza ukitulia unapogusa, pikapu si tatizo kuu. Mwili wako ndio uliokuwa unanasa uchafu wa umeme, na ukigusa nyuzi unaupeleka ardhini. Dawa yake ni kuvisha shimo la pikapu na la vidhibiti karatasi ya shaba iliyounganishwa na waya wa ardhi. Foili ya alumini ya jikoni nayo hufanya kazi, ila risasi ya kulehemu haishiki alumini, inabidi uibane kwa skrubu. Mlio ukizidi unapogusa nyuzi, acha kupiga kabisa. Huenda waya unaounganisha daraja na ardhi umekatika, au extension ya kanisani haina waya wa ardhi, na hilo la pili linaweza kumrusha mtu midomo yake ikigusa maikrofoni. Hakuna pikapu inayotibu extension mbovu.

Inveta ya sola ni kesi ya peke yake. Zile za bei rahisi hazitoi wimbi laini. Hutoa ngazi, na ngazi hizo zimejaa mitetemo ya hezi 150, 250, 350 na kuendelea juu. Sikio huusikia mchanganyiko huo kama nyuki ndani ya spika. Koili mbili hupunguza sehemu inayosafiri kwa sumaku, si ile inayoruka hewani kwa umeme. Kusogea mita mbili kutoka kwenye inveta, na kugeuka kidogo ulipo, husaidia kuliko watu wanavyoamini.

Na ule mkwaruzo unaosikika ukizungusha kitufe cha sauti ni vumbi, lile lile jekundu linalowapaka rangi tembo wa Tsavo, limeingia ndani ya kidhibiti. Kopo la dawa ya kusafishia vifaa vya umeme linatosha. Besi iliyopoteza nguvu huenda imepoteza urefu tu: skrubu za pikapu zimelegea, kibao kimezama. Bana uzi kwenye freti ya mwisho kisha pima nafasi iliyobaki kati ya uzi na sumaku. Milimita 2 hadi 3 ni mahali pazuri pa kuanzia. Usikaribie sana kwa tamaa, kwani sumaku itauvuta uzi wa E na noti itayumba.

Ikiwa baada ya yote hayo bado unataka pikapu mpya, anza na rula. Umbo la Precision haliingii kwenye shimo la Jazz, na hata pikapu mbili za Jazz hazilingani: ya daraja ni ndefu kwa takriban milimita 3 kuliko ya shingo. Kuchonga mbao ili kupanua shimo kunawezekana, lakini fundi wa viti si lazima awe fundi wa magitaa.

Shimo linaamua jambo zito zaidi ya vipimo. Uzi unaotetemeka hujigawa: mzima, nusu, theluthi, robo, kila mgao na sauti yake, na kila mgao una sehemu zisizosogea. Pikapu ikikaa robo ya urefu wa uzi kutoka darajani, mgao wa nne hausikiki kabisa, kwa sababu pale uzi haufanyi kitu katika mgao huo. Karibu na daraja sauti nzito ni hafifu na zile kali hujitokeza. Karibu na shingo ni kinyume. Pikapu ya bei mbaya ndani ya shimo lile lile itasikiliza kipande kile kile cha uzi. Tofauti itakuwepo, ila si ile ya kutoka usiku hadi mchana ambayo wauzaji huahidi.

Wauzaji pia hupenda namba ya omu. Pikapu ya omu elfu 11, wanasema, ina nguvu kuliko ya elfu 7. Namba hiyo inapima upinzani wa waya, basi. Waya mwembamba zaidi wenye mizunguko ile ile huwa na omu nyingi zaidi bila kuongeza sauti. Halafu shaba hubadilika na joto, kama asilimia 0.39 kwa kila digrii ya Selsiasi. Pikapu inayosoma omu 10,000 asubuhi ya nyuzijoto 15 kule Wundanyi milimani itasoma karibu 10,800 ikishushwa Taveta mchana wa nyuzijoto 35. Sauti yake haijabadilika. Omu zinafaa kwa kazi moja: kujua kama koili imekatika. Mita isiposogea kabisa, hapo ndipo useme pikapu imekufa.

Kinachosikika ni idadi ya mizunguko. Mingi huleta nguvu, lakini hufunika sauti kali za juu, na kebo ndefu hufunika zaidi. Aliyezoea kebo ya mita 10 anaweza kupata “pikapu mpya” kwa kununua kebo ya mita 3. Kuhusu sumaku, wapo wanaoapa kwa alniko, mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti, na wapo wa feriti ya kauri. Mimi sina dini hapo. Pikapu nzuri zimetengenezwa kwa zote mbili, na joto la Taveta haliziathiri, ingawa nta inayozuia waya wa koili kucheza inaweza kulainika ndani ya gari lililofungwa juani.

Zipo pia pikapu zenye kikuza sauti ndani, za betri ya volti 9. Zina mizunguko michache, ni tulivu mno, na hazisumbuliwi na kebo ndefu. Kasoro yake ni moja tu, nayo huonekana katikati ya ibada, betri inapoisha na duka liko mbali.

Anayenunua pikapu mbili za Jazz, azinunue kama jozi. Ukichanganya ya kampuni hii na ya kampuni ile, huenda zikapingana: ukizifungua pamoja sauti nzito hutoweka, ikabaki nyembamba kama ya redio ndogo. Kubadilishana nyaya mbili za pikapu moja hurudisha uzito. Lakini kama sumaku zote zimeelekea upande mmoja, ukimya hautapatikana hata ulehemu mara ngapi. Hilo hupimwa dukani kwa dira ndogo ya plastiki. Isogeze juu ya pikapu moja, kisha juu ya nyingine: ncha nyekundu ikivutwa na ya kwanza na kusukumwa na ya pili, jozi ni sahihi. Lipa.