Wachungaji na gofu: wapi na wapi? Jibu liko Kakamega

Mtu wa Pwani akisikia kwamba wachungaji wameanzisha mashindano ya kirafiki ya gofu, swali la kwanza huwa: wapi na wapi? Mchungaji tumemzoea na Biblia yake, mazishini na harusini, siku hizi hata kwenye majukwaa ya siasa. Fimbo ya gofu tumewaachia mawakili, mabwana wa benki na waheshimiwa. Anayepita Mama Ngina kuelekea feri ya Likoni huuona uwanja wa klabu ya Mombasa, klabu iliyoanza 1911, na wengi wetu tumezeeka tukiutazama kwa nje tu.

Lakini kanisa na gofu wanajuana tangu zamani, na hawakuanza kwa kupatana. Kule Uskoti, mwishoni mwa karne ya 16, wazee wa kanisa walikuwa wakiwatoza faini waliokwenda kupiga mpira badala ya kwenda ibadani Jumapili. Hata leo uwanja mkongwe wa St Andrews kwa kawaida hauchezwi Jumapili. Watu hutembea humo na mbwa wao. Hata hivyo, ni mtu wa kanisa huyo huyo, Askofu Mkuu John Hamilton, aliyetia sahihi hati ya 1552 iliyotambua haki ya watu wa mji wa St Andrews kucheza gofu katika ardhi ile ya mchanga kando ya bahari. Yeye alitaka kufuga sungura hapo. Wenyeji wakabaki na haki ya kucheza, kulisha mifugo na kukata nyasi. Litunze jambo hilo, ndugu msomaji: hati hiyo mashuhuri ya gofu ilihusu ardhi, na ni nani mwenye haki ya kuikanyaga.

Yuko mwingine, Robert Paterson, mwanafunzi wa theolojia ambaye baadaye alikuwa mchungaji. Anasimuliwa kuwa ndiye aliyetengeneza mpira wa gofu wa gutapacha, utomvu mgumu wa mti wa huko Malaya, mnamo miaka ya 1840. Kabla ya hapo mpira ulikuwa wa ngozi iliyosindiliwa manyoya ya ndege, ghali, na ukilowa hupasuka. Wa gutapacha ukawa wa bei nafuu, na mtu wa kipato kidogo akaweza kucheza. Mafundi wa mipira ya manyoya walikasirika, bila shaka.

Sasa tuje kwenye neno “kirafiki”. Katika mashindano ya aina hii hatafutwi bingwa wa taifa. Kila mchezaji hupewa handikapu, yaani mipigo ya kupunguziwa kulingana na uwezo wake. Kasisi anayecheza mara mbili kwa mwaka anaweza kumshinda hakimu anayecheza kila wikendi, na hakuna aliyeibiwa. Hesabu inayopendwa ni ya pointi, iliyobuniwa na daktari Frank Stableford na kutumika Wallasey, Uingereza, mwaka 1932. Ukimaliza shimo kwa mipigo iliyopangwa, baada ya kupunguziwa, unapata pointi mbili. Ukizidisha mmoja, pointi moja. Ukipunguza mmoja, tatu. Ukivurunda kabisa unapata sifuri, unaokota mpira na kwenda shimo linalofuata. Shimo moja baya halikuharibii siku nzima. Nadhani ndiyo sababu hesabu hii inawafaa watu wa mimbari. Ada ya kushiriki huenda kwenye karo za watoto, zahanati au paa la kanisa, na siku inayofaa ni Jumatatu, maana Jumapili mchungaji yuko kazini.

Kakamega pana uwanja wa mashimo 9 katika klabu ya michezo ya mji. Anayetaka 18 huzunguka mara mbili. Ni uwanja mdogo, lakini ukitaka kujua wachungaji wakikutana hapo wanakutana juu ya nini, rudi nyuma kidogo.

Wamishenari wa Marekani wa Kanisa la Marafiki, wale waitwao Quaker, walifika Kaimosi 1902. Wakaja Wakatoliki wakakaa Mukumu, Waanglikana Butere, Church of God Kima, na Jeshi la Wokovu pia. Kila misheni ilikuwa na eneo lake, shule zake na waumini wake, na kuvuka mpaka wa mwenzio kulileta maneno. Vijiji vilijulikana kwa dhehebu kama vile mitaa ya Mombasa inavyojulikana kwa koo. Kwa hiyo wachungaji wa madhehebu hayo kuzunguka mashimo 9 pamoja, wakihesabiana mipigo na kuaminiana, si jambo dogo kama linavyoonekana kutoka huku kwetu.

Kisha ikaja dhahabu. Iligunduliwa 1931, wakati bei za mazao zimeanguka na nzige wamemaliza mashamba ya walowezi. Mamia ya Wazungu wakamiminika Kakamega, wakapiga mahema na kuchimba katika ardhi ya Waluhya. Pamoja na maafisa wa serikali, ambao makao yao yalikuwa Kakamega tangu 1920, walihitaji baa, tenisi na gofu. Klabu za namna hiyo hazikumfungulia Mwafrika mlango, isipokuwa awe mbeba fimbo au mpishi.

Sheria ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya akiba ya Waafrika ikichukuliwa, itafidiwa kwa ardhi nyingine, na baraza la wenyeji litaulizwa. Desemba 1932, dhahabu ikiwa imeonekana, serikali ya koloni iliibadilisha: fedha zikatosha, na baraza halikulazimika kuulizwa. Ahadi ilikuwa haijatimiza miaka mitatu. Msomaji wa Kilifi au Kwale mwenye babu aliyeambiwa shamba lake si lake, hapa hahitaji kufafanuliwa.

Miongoni mwa waliopiga kelele alikuwamo mchungaji. Archdeacon Walter Owen wa Kanisa la Anglikana, ambaye 1923 alisaidia kuunda chama cha kutetea walipa kodi wa Kavirondo, aliwaandama watawala kwa barua na hoja, na suala la Kakamega likajadiliwa hadi Bunge la Uingereza. Walowezi walimchukia kiasi cha kumbadilishia cheo na kumwita “shetani mkuu”. Sheria haikurudishwa ilivyokuwa, lakini serikali ililazimika kujieleza mbele ya ulimwengu.

Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa 1952 na Wazungu wa dhahabu wakaondoka. Uwanja wa gofu ulibaki, makanisa yakabaki, na huko Ikolomani wenyeji bado wanateremka mashimoni kwa kamba kutafuta dhahabu. Mchungaji wa Kakamega anayeshika fimbo Jumatatu huenda Jumapili iliyotangulia aliwahubiria wachimbaji hao.