Mama Mmoja, Watoto Watatu na Jedwali la Katikati

Eneo la Dallas na Fort Worth, pamoja na Houston iliyo mwendo wa saa nne hivi kwa gari kuelekea kusini, lina Wakenya, Watanzania, Waganda na Wakongo wa kutosha kuendesha vyama vya kufa na kuzikana. Mwanachama huandikisha watu wake, wa hapa na wa nyumbani, na mmoja wao akifariki chama huchanga. Tuseme binti mkubwa anaishi DeSoto, kusini mwa Dallas, mdogo wake Arlington, na kaka yao Houston. Wote watatu ni wanachama, na wote wamemwandikisha mama yao mzazi aliye Bondo, Kenya. Binti wa DeSoto amemwandikisha pia mama mkwe wake, ambaye tayari ameandikishwa na wanawe wawili. Mwanachama mmoja ana wategemezi wengi, na mtegemezi mmoja ana wanachama wengi. Wajenzi wa hifadhidata huuita uhusiano wa wengi kwa wengi, na ndio unaoharibika kwa urahisi kuliko mingine pale unapopitishwa kwenye fomu ya tovuti.

Orodha ikiwa kwenye daftari au lahajedwali, kila mtoto humwandika mama kwa namna yake. Mmoja ataweka jina la ubatizo, mwingine jina la nyumbani, wa tatu jina la mume. Chama hubaki na akina mama watatu, na msiba ukifika kamati hulazimika kuuliza wafiwa kama ni mtu mmoja. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa IBM huko San Jose, California, alichapisha nadharia ya kupanga data katika majedwali yanayohusishwa kwa thamani zilizomo ndani yake. Kwa mpangilio huo, wanachama wana jedwali lao, wategemezi lao, na kati yao huwekwa jedwali la tatu, ambalo kila mstari wake hubeba namba ya mwanachama na namba ya mtegemezi. Mama wa Bondo anaandikwa mara moja tu katika jedwali la wategemezi, na anatajwa mara tatu katika jedwali la katikati.

Jedwali hilo la katikati hudharauliwa, kwa sababu fremuwaki za kutengenezea tovuti, yaani viunzi vya msimbo vilivyotayarishwa kama Django, Ruby on Rails na Laravel, huweza kulishughulikia bila mtengenezaji kuliona. Lakini mambo ambayo kamati itayauliza siku ya msiba yamo humo. Mama mkwe wa binti wa DeSoto ni mzazi kwa wanawe na mkwe kwa binti huyo, kwa hiyo uhusiano wa damu au wa ndoa si sifa yake yeye. Ni sifa ya mstari unaomuunganisha na mwanachama fulani. Tarehe ya kuandikishwa nayo ni hivyo hivyo. Vyama vingi vya aina hii huweka kipindi cha kungoja kabla mtegemezi hajahesabiwa, na kipindi hicho hakiwi kimoja kwa dada wawili waliojiunga miaka tofauti. Kama chama kitatoa mchango mmoja kwa mama huyo au mitatu, ni suala la katiba ya chama. Jedwali likijengwa vizuri litatumika kwa uamuzi wowote. Likijengwa vibaya, litakuwa limekwisha kuamua kabla ya wanachama.

Shida huanza kwenye fomu. Njia ya kawaida ya kuonyesha uhusiano huu ni orodha ya majina yenye visanduku vya kutia tiki. Mwanachama akibonyeza hifadhi, kivinjari hutuma kwa seva visanduku vilivyotiwa tiki peke yake. Kisanduku kitupu hakitumwi kabisa, hata kwa ishara. Seva ikipokea fomu isiyo na wategemezi, haina njia ya kujua kama mwanachama amewaondoa wote kwa hiari, au kama ukurasa alioujaza haukuwa na orodha hiyo tangu mwanzo. Rails huziba pengo hilo kwa kuweka sehemu iliyofichwa yenye thamani tupu, ili orodha ionekane kuwa imetumwa hata ikiwa haina kitu. Django, fremuwaki iliyoanzia katika gazeti la Lawrence Journal-World huko Kansas na kutolewa kwa umma mwaka 2005, ina desturi nyingine: sehemu ya wategemezi ikiwa imetajwa kwenye fomu na si ya lazima, kutotumwa kwake huhesabiwa kuwa imeachwa tupu.

Matokeo yake ni mazito. Mtu anatengeneza ukurasa mfupi wa kubadilisha namba ya simu, anatumia fomu ile ile ya zamani, na hachapishi orodha ya wategemezi kwenye ukurasa. Kaka wa Houston anabadilisha namba yake, anaona ujumbe kwamba taarifa zimehifadhiwa, na mistari yake yote katika jedwali la katikati imefutwa. Hakuna hitilafu iliyoripotiwa, kwa kuwa kwa upande wa programu hakuna hitilafu. Atajua mama yake hayumo siku atakapompigia katibu kumwambia amefariki. Kinga ni rahisi: kila ukurasa uwe na fomu inayotaja sehemu zile tu unazozionyesha.

Lipo pia suala la mfuatano. Mwanachama mpya hana namba mpaka mstari wake uhifadhiwe, na bila namba hawezi kuunganishwa na yeyote. Ndiyo maana mtu anayeiambia Django isihifadhi kwanza, ili aongeze kitu kabla, hupaswa baadaye kuita yeye mwenyewe amri ya save_m2m, inayoandika miunganisho hiyo. Akisahau, mwanachama anaingia bila watu wake. Hatua zote mbili zifungwe katika muamala mmoja, ili ya pili ikishindwa na ya kwanza itanguliwe.

Kosa jingine hufichika zaidi. Wapo wanaohifadhi mabadiliko kwa kufuta mistari yote ya mwanachama na kuiandika upya. Orodha ya majina inatoka sahihi, lakini tarehe za kuandikishwa zote zimekuwa za leo, na kipindi cha kungoja kimeanza upya kwa mtu aliyechangia kwa miaka. Amri ya set ya Django na sync ya Laravel hulinganisha majina ya zamani na mapya, zikaondoa yaliyotoka, zikaongeza yaliyoingia, na kuacha mengine yalivyo. Hata hivyo, kwa chama cha kuzikana visanduku havitoshi hata vikifanya kazi vizuri. Kisanduku hakina mahali pa kuandika kama ni mama mzazi au mama mkwe. Hapo inafaa kila muunganisho uwe na mstari wake kwenye fomu, wenye namba yake iliyofichwa, uhusiano, tarehe, na kitufe chake cha kuondoa. Mstari usiotumwa usiguswe. Anayetaka kumtoa mtegemezi aseme hivyo, na badala ya kufutwa, mstari uwekewe tarehe ya mwisho na jina la aliyeuondoa.

Hifadhidata nayo ipewe sharti kwamba jozi moja ya mwanachama na mtegemezi isiandikwe mara mbili ikiwa hai, maana kitufe hubonyezwa mara mbili mtandao ukisuasua. Na kwa kuwa katibu anaweza kuwa DeSoto na mweka hazina Houston, wote wakiwa wamefungua ukurasa wa mwanachama yule yule usiku mmoja, kila fomu ibebe namba ya toleo lililofunguliwa. Wa pili kuhifadhi akikuta toleo limebadilika, aonyeshwe alichokiandika mwenzake kabla chochote hakijaandikwa juu yake.