Chumba cha Darasa Kimkaribishe Mtoto

Na Mwandishi Wetu

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika nyumba zetu, hata ile ya chumba kimoja cha kupanga huko Tandika au Keko, mgeni hupewa kiti, hupewa maji, na huulizwa habari za atokako. Lakini kila mwezi wa Januari maelfu ya wageni wa miaka mitano huingia katika shule za Temeke, na aghalabu chumba wanachopewa hakina dalili yoyote kwamba kilikuwa kikiwangojea. Ubao uko juu mno kwa macho yao. Dawati ni refu, na miguu inaning'inia. Ukuta ni mtupu, na juu ya meza ya mwalimu imelazwa fimbo.

Mtoto asiyejua hata herufi moja huyasoma mambo hayo yote siku ile ile ya kwanza. Siku ya pili anapolia na kushika mlango wa nyumbani, sisi wazazi humwita mkaidi. Yafaa tujiulize kwanza, je, ni mtoto aliyeikataa shule, au ni chumba kilichomkataa mtoto?

VYUMBA VYA WAKUBWA

Hali hii ina historia yake. Katika kijitabu cha Elimu ya Kujitegemea cha Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka umri wa kuanza shule ya msingi upandishwe, ili mtoto amalize akiwa amekomaa vya kutosha kushika kazi. Kwa miaka mingi mlango wa darasa la kwanza ulifunguliwa kwa watoto wa miaka 7. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipoagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikapo 1977, wananchi walijenga madarasa kwa jasho lao. Yalikuwa madarasa ya watoto wenye umri huo na zaidi, na madawati yake yalichongwa kwa kimo chao.

Tangu hapo aingiaye amekuwa mdogo zaidi. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 iliipa elimu ya awali nafasi katika shule za msingi, na ile ya 2014 ikaifanya kuwa ya lazima. Tangu Januari 2016, elimu ilipotolewa bila ada, wengi zaidi wamefika mlangoni. Sera imebadilika, mtoto amebadilika, na vyumba vingi vimebaki vile vile.

Katika miaka ya karibuni Serikali, kupitia mradi wa BOOST, imejenga madarasa ya awali ya mfano katika shule mbalimbali nchini, yenye kuta za kupendeza na vifaa vya michezo nje. Hiyo ni hatua njema. Lakini shule nyingi bado zinatumia chumba cha zamani, na ni hicho tunachopaswa kukitengeneza upya.

JOTO NA SAUTI

Watu wengi wakisikia habari ya kupamba darasa hufikiri rangi na picha. Yafaa kuanza na hewa. Shule hufunguliwa Januari, katika miezi ya joto kali la Dar es Salaam, na mabati yasiyo na dari huigeuza paa kuwa jiko. Masika yanapoingia, mvua hupiga juu ya bati hilo hilo na sauti ya mwalimu haisikiki. Dari, hata ya mbao nyepesi, hupunguza yote mawili. Mwarobaini uliopandwa upande wa jua la alasiri hufanya kazi hiyo taratibu bila kudai malipo.

Baada ya hewa uje mwanga. Chokaa nyeupe ni rahisi, nayo huurudisha mwanga ndani. Chini, kuanzia sakafuni hadi kimo cha mita moja, ukuta upakwe rangi ya ubao, ili kila mtoto apate mahali pa kuchora kwa chaki bila kugombezwa. Mbagala wana kituo mashuhuri kiitwacho Rangi Tatu, na darasa la awali nalo halihitaji zaidi ya rangi tatu. Kuta zilizojaa kila aina ya mchoro humchosha mtoto badala ya kumtuliza.

Picha nazo ziwe za maisha anayoyajua: meli ya Kurasini, treni ya TAZARA, daladala, mama auzaye mihogo, uwanja wa mpira. Mtoto akiona kitu cha mtaani kwao ukutani, huanza kusema, na kusema ndiko kunakotangulia kusoma.

CHUMBA CHA ZAMU MBILI

Mtaala wa elimu ya awali unataka darasa liwe na kona za kujifunzia, pahali pa lugha, pa hesabu, pa sayansi, pa sanaa na kadhalika. Kiwango kinachotakiwa ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Mkazi wa Mbagala au Charambe anajua kwamba idadi halisi mara nyingi hukipita mbali kiwango hicho, na kwamba vyumba vingine hutumiwa kwa zamu mbili. Kona iliyopangwa asubuhi huvurugwa mchana na wanafunzi wakubwa.

Kwa hiyo kona za Temeke ziwe za kuhamishika. Chati zichorwe juu ya viroba vya mchele vilivyokatwa, zitundikwe kwenye kamba, na zikunjwe zamu inapokwisha. Vizibo vya soda, mbegu, vifuu vya nazi na vijiti vya kuhesabia vikae katika maboksi yenye vifuniko. Mikeka ikunjwe na kuegemezwa ukutani. Watoto wanapozidi, nusu wakae mkekani na nusu wafundishwe nje kivulini. Rangi haiongezi vyumba, na si haki kumwachia mwalimu mmoja mzigo huo.

Fikra ya kumtengenezea mtoto chumba cha kimo chake haikuanzia kwa matajiri. Januari 1907 daktari Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika San Lorenzo, mtaa wa wafanyakazi maskini mjini Roma. Alitumia viti na meza nyepesi ambazo mtoto aliweza kuzibeba mwenyewe, na makabati mafupi aliyoweza kuyafungua bila msaada. Leo wapo wanaodhani mambo hayo ni ya shule za kulipia tu.

Sisi tunao mafundi seremala wa Keko. Vipande vya mbao vinavyobaki katika karakana vyatosha kwa viti vifupi na rafu za chini. Vyatosha pia kwa ubao wa kutundikia mifuko, wenye jina la kila mtoto juu ya msumari wake. Msumari ule ni kitu kidogo, lakini humwambia mtoto kwamba nafasi yake ipo. Vivyo hivyo, mwenye kiti cha magurudumu atengenezewe mteremko mlangoni, na mwenye ualbino aketi karibu na ubao, mbali na jua la dirishani.

FIMBO MEZANI

Hata hivyo, kazi yote hiyo itakuwa bure ikiwa fimbo itaendelea kulala mezani. Mtoto wa miaka mitano hatazami treni iliyochorwa ukutani. Hutazama mkono wa mwalimu. Mwalimu asimamaye mlangoni asubuhi, akainama, akaitikia marahaba na kumtaja mtoto kwa jina, amekitengeneza chumba kuliko ndoo kumi za rangi.

Wazazi nao wasingoje. Kamati ya shule ipo, na katika kila mtaa kuna seremala, fundi rangi, mshonaji na mwenye siku moja ya mapumziko. Mchango uwe wa hiari, wa kazi au wa kitu, na mahesabu yasomwe mbele ya wote. Januari ijayo wageni watafika tena, na mwenyeji wao ni sisi.