Namba iliyomsahihisha mtaalamu



Mwezi uliopita binti mmoja wa darasa la sita alinyoosha kidole akasema, "Mwalimu, jibu lako pale ubaoni si sawa." Wenzake wakacheka. Mimi nami, badala ya kutazama ubao, nikamwambia akae chini. Usiku nikarudia ile hesabu kwenye mwanga wa kibatari. Kumbe yeye ndiye aliyepata! Kesho yake hakuja shule.

Hapo nikakumbuka namba hii: 4,294,967,297.

Namba tasa ni ile isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kama 3, 5 na 7. Sasa chukua 2, izidishe kwa yenyewe, utapata 4. Zidisha 4 kwa 4, utapata 16. Endelea hivyo: 256, 65,536, halafu 4,294,967,296. Kila moja, kuanzia ile 2, iongezee 1. Tano za kwanza ni 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote ni tasa.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria Mfaransa aliyeijua hesabu sana, aliamini kwamba na zinazofuata zote ni tasa. Ya sita ndiyo hiyo yetu, zaidi ya bilioni nne. Nani angemaliza kuigawa? Miaka 92 ikapita.

Mwaka 1732 Mswisi Leonhard Euler, kijana wa miaka 25 hivi aliyekuwa akifanya kazi ugenini Urusi, alionyesha kwamba inagawanyika kwa 641. Baadaye alieleza njia: kigawo chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibaki 1. Namba tasa za namna hiyo ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Yaani majaribio matano tu!

Msimwamini Euler bure, wala mimi. Chukueni kijiti, andikeni mchangani:

6,700,417 × 600 = 4,020,250,200
6,700,417 × 40 = 268,016,680
6,700,417 × 1 = 6,700,417
Jumla: 4,294,967,297

Na hadi leo, baada ya zile tano, haijapatikana tasa nyingine katika mstari huo. Hata hivyo Fermat hakuvunjiwa heshima. Namba hizi bado zinaitwa kwa jina lake.

Basi nikaenda kwa yule binti, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Mama akasema, "Mwalimu, mimi ndiye niliyemzuia. Nilidhani amekukosea adabu." Jumatatu binti alirudi, akaandika jibu sahihi ubaoni kwa mkono wake.

Wazazi, mtoto akiuliza "umejuaje?" tusimfokee. Tukae naye tuhesabu.

Zoezi la familia mwezi huu: je, 1,001 ni namba tasa? Leteni majibu darasani. Na mkiona nimekosea mahali, mniambie.