Kabla ya kuuza shamba la Luvungi ili uhamie Uvira

Katika bonde la Ruzizi, mashariki ya Kongo, shamba huuzwa kwa sababu nyingi: ugonjwa, kesi, mahari, karo ya shule. Sababu inayostahili kuchunguzwa kwa makini zaidi ni kuhamia mjini, kwa kuwa hapo muuzaji hasukumwi na msiba. Anauza kwa hiari, akiamini anapiga hatua. Familia ya Luvungi inapoamua kwenda kuishi Uvira, kiasi cha kilomita 60 kuelekea kusini kwa Barabara ya Taifa Namba 5, shamba huanza kuonekana kama mali iliyolala: liuzwe, inunuliwe parsele, yaani kiwanja, mjini, mambo ya jembe yaishe. Anayebakiza shamba huchekwa kwamba hajahama, mwili uko mjini na roho iko kwenye mpunga. Makala hii inatetea wazo lililo kinyume. Kwa familia isiyo na mshahara wa uhakika, kuhamia Uvira ni uamuzi wa busara pale tu shamba linapobaki mikononi mwake. Kuishi huku na huku ndiyo bima pekee anayoweza kuimudu mtu ambaye hakuna kampuni wala serikali inayomkatia bima.

Luvungi si mahali pa kukimbiwa. Iko katika sheferi (eneo la utawala wa kimila) ya Bafuliiru, kando ya barabara inayounganisha Bukavu na Uvira. Kaskazini yake ni Kamanyola inayotazamana na Bugarama ya Rwanda, na ng'ambo ya mto Ruzizi ni Cibitoke ya Burundi. Mpunga, mahindi na muhogo wa bonde hilo hulisha miji. Hata hivyo watu wanahama, na wana sababu. Uvira ina hospitali kubwa, vyuo, ofisi, bandari ya Kalundu na njia fupi ya kwenda Bujumbura. Elimu ya msingi katika shule za umma ilifanywa ya bure mwaka 2019, lakini mtoto akifika sekondari ya ufundi au chuo, mzazi huanza kuutazama mji. Wanauchumi wamelieleza jambo hili kwa namna mbili. Mwaka 1970 John Harris na Michael Todaro, wakitazama hali ya Kenya na Afrika ya kitropiki, walionyesha kwa nini watu huendelea kumiminika mijini hata kazi zikiwa chache: mhamiaji hapimi kipato kilichopo leo, anapima kile anachotarajia akibahatika. Miaka 15 baadaye Oded Stark na David Bloom wakakumbusha kwamba anayeamua ni familia nzima, na familia hutafuta pia vipato visivyoanguka siku moja. Mmoja huenda mjini, wengine hubaki, ili mvua ikikosekana mji ulishe na kazi ikikosekana shamba lilishe. Maelezo haya ya pili ndiyo yanayoifaa Luvungi, na sababu yake inaonekana mtu anapokokotoa gharama za Uvira.

Mhamiaji huhesabu kodi na chakula. Kodi huanza na garanti, yaani miezi kadhaa inayolipwa hata kabla ya kuingiza godoro ndani. Sheria ya upangaji ya mwaka 2015 iliiwekea kikomo, lakini ni nadra mpangaji mgeni kumwendea mwenye nyumba akiwa na kifungu cha sheria mkononi. Mboga za sombe na lenga-lenga zilizokuwa zikichumwa nyuma ya nyumba sasa zina bei, na makaa yanapimwa kwa kopo. Gharama inayomshtua mgeni, hata hivyo, ni maji. REGIDESO, shirika la maji la taifa, huyachota mto Mulongwe, huyasafisha na kuyasambaza. Umeme ukikatika mitambo husimama, bomba hukauka, na bido, yaani madumu ya maji, huanza safari ya kwenda mtoni au ziwani vichwani mwa wanawake na watoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la PLoS Medicine ulilinganisha uzalishaji wa maji ya Uvira kati ya 2009 na 2014 na idadi ya wagonjwa waliopokelewa katika kituo cha kipindupindu. Ulionyesha kwamba siku moja bila maji ya bomba ilifuatwa, kwa muda wa siku 12, na wagonjwa zaidi ya mara mbili na nusu ya wale wa nyakati ambazo maji yalitoka vizuri. Mwaka 2020 wakazi walipewa chanjo ya kipindupindu, na juhudi za kupanua mtandao wa mabomba zimefanyika. Lakini jambo moja halijabadilika: mjini afya ya mtoto hutegemea mtambo ambao mzazi hauoni wala haumiliki, na siku unaposimama anahitaji fedha taslimu ya maji na ya dawa. Mwenye gunia la mpunga Luvungi ana pa kuitoa fedha hiyo. Aliyeuza shamba hukopa.

Ardhi ya mjini nayo ina hesabu yake. Uvira imebanwa: magharibi milima ya Mitumba imesimama wima, mashariki ni ziwa Tanganyika, na mji umejinyoosha katikati kama mkanda. Viwanja vilivyo salama vina wenyewe. Vinavyobaki kwa bei ya mgeni viko kwenye miteremko, kando ya mito ya Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira, au karibu na ufukwe. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mvua kubwa iliiteremsha mito hiyo ikiwa imejaa mawe na matope, ikaua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Miaka iliyofuata ziwa lenyewe likapanda. Kufikia 2024 lilikuwa limeingia katika nyumba za ufukweni upande wa Uvira, na Gatumba, upande wa Burundi, ilikuwa imezoea kuishi majini. Ruzizi nayo hufurika, hilo halikanushiki. Lakini mafuriko ya shambani hula mazao ya msimu mmoja na udongo hubaki, ilhali mafuriko ya parsele ya kando ya mto huondoka na ukuta, godoro na vyeti vya watoto, na mara nyingine na kiwanja chenyewe. Anayeuza shamba ili anunue parsele hiyo hubadilisha hasara inayorudishika kwa hasara isiyorudishika.

Sheria nayo huifanya njia ya kutoka shambani kuwa rahisi na ya kurudi kuwa ngumu. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilitangaza ardhi yote kuwa mali ya dola. Kwa ardhi za kimila iliahidi amri ya rais ambayo ingeeleza haki za wanaozitumia. Miongo ikapita bila amri hiyo kutolewa. Ndiyo maana shamba la Luvungi hushikwa kwa mambo matatu: kulilima, kujulikana na majirani, na kutambuliwa na uongozi wa mwami, mtawala wa jadi. Ukiuza na kuondoka, yote matatu hupotea pamoja. Kurudi huwa ni kuomba upya, kwa bei ya siku hiyo, katika bonde ambalo wakulima, wafugaji na waliokimbia vita wanagombea ardhi ileile. Mjini, hati yenye nguvu kisheria ni cheti cha usajili. Karatasi ya kuuziana iliyotiwa saini mbele ya shahidi wa mtaa haifikii hapo, na ndiyo inayozaa kesi za parsele moja kuuzwa kwa watu wawili. Muuzaji ametoka katika haki dhaifu aliyoizoea, ameingia katika haki dhaifu asiyoijua.

Historia ya Kongo imekwisha kuujaribu uhamiaji wa kujitosa mzima. Katikati ya Luvungi na Uvira, pale Kiliba, kiwanda cha sukari kilichojengwa miaka ya 1950 kilileta mshahara na makazi ya wafanyakazi. Vita vya 1996 vikakifunga. Katanga jaribio lilikuwa kubwa zaidi. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya madini ya Union Minière iliwakalisha wafanyakazi kambini na wake na watoto wao, ikawapa posho, shule na hospitali, ili wasiwe na haja ya kijiji. Gécamines iliyoirithi iliendeleza mtindo huo. Kampuni ilipodhoofika, na zaidi ya wafanyakazi 10,000 wakaondolewa kuanzia mwaka 2003 kwa mpango ulioitwa wa hiari, familia nyingi zililazimika kutafuta vishamba pembezoni mwa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Ng'ambo ya mpaka, huko Zambia, mwanaanthropolojia James Ferguson, katika kitabu alichokitoa mwaka 1999 kutokana na utafiti wake wa Kitwe, aliona jambo linalofanana: bei ya shaba iliposhuka, mfanyakazi aliyekuwa akiwakumbuka ndugu zake wa kijijini alikuwa na pa kupokelewa, na yule aliyewapa kisogo aliogopa hata kurudi. Kujitosa mzima kulikuwa na maana pale kampuni ilipobeba maisha yote ya mtu, na hata hapo hakukudumu. Uvira ya leo haina mwajiri wa namna hiyo.

Wapo watakaojibu kwa methali: mshika mbili moja humponyoka. Mwenye makazi mawili, watasema, hajengi nyumba ya maana mjini, halipi ushuru, haonekani kwenye salongo, yaani kazi ya pamoja ya usafi, kila akipata faranga huirudisha bondeni. Na mji wa wapita njia hauwezi kukua kuwa mji. Pingamizi hili lina uzito, kwa kuwa barabara, mifereji na shule za mjini hujengwa na watu wanaojiona wenyeji. Lakini linatafuta kosa mahali pasipo penyewe. Mtu hujenga kwa mabati chakavu kwa sababu hati ya parsele yake ina shaka na mto uko jirani. Mpunga wake wa Luvungi haumzuii kufyatua tofali. Kinyume chake, gunia linaloshuka kutoka bondeni ndilo linalolipa karo ya muhula na zamu ya likelemba (mchango wa kupokezana), na likelemba ndiyo hununua cherehani, pikipiki ya kwanza au mtaji wa kuuza samaki wadogo wa ndagala. Isitoshe, methali humsema mtu mmoja mwenye mikono miwili. Hapa pana familia yenye watu kadhaa, na kila mmoja ana chake cha kushika.

Pingamizi zito zaidi ni vita. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera, milimani juu ya bonde, ilishambuliwa na wagonjwa wakauawa. Mwezi uleule Uvira ikatekwa. Februari 2025 Bukavu ilitekwa, Kamanyola ikafuata; Desemba 2025 mapigano yakateremka kwa barabara ileile, yakapita Luvungi hadi Uvira yenyewe, na makumi ya maelfu ya watu wakavukia Burundi. Shamba lisilofikika ni bima gani? Ni lazima kukubali kwamba bima hii haifui dafu mbele ya hatari inayosafiri kwa barabara inayounganisha makazi yote mawili. Inafaa dhidi ya zile zinazorudi mara kwa mara: kipindupindu, mafuriko ya Mulongwe, mwezi usio na kibarua, mvua iliyochelewa. Kwa vita familia huhitaji mahali pa tatu nje ya barabara hiyo, kwa ndugu wa Bujumbura, Baraka au Kalemie. Lakini vita vyenyewe havitetei kuuza. Mashariki ya Kongo sehemu kubwa ya waliokimbia makwao hupokelewa na familia, si kambi. Anayetoka Luvungi akiwa na chumba cha mdogo wake Uvira ana mlango wa kubisha, na bunduki zikinyamaza, mwenye shamba anajua anarudi kufanya nini. Aliyeuza hana pa kurudi.

Lipo pia pingamizi linalotajwa kwa nadra kwa sababu wenye kulibeba hawaulizwi. Makazi mawili huendeshwa na wanawake. Mama ndiye apandaye gari la mizigo na magunia, alimaye wiki mbili bondeni kisha arudiye mjini kutafuta maji, na mara nyingi shamba analolitunza limeandikwa kwa jina la mume au la shemeji. Hoja hii haivunji wazo la kubakiza shamba. Inaonyesha kwamba kulibakiza bila kugawana kazi na haki ni kumfanya mama awe bima ya wengine. Marekebisho ya Sheria ya Familia ya mwaka 2016 yaliondoa sharti la mke kuomba idhini ya mume kabla ya kutia saini mambo ya kisheria. Kwa hiyo hakuna kinachozuia jina lake kuingia kwenye karatasi ya shamba na ya parsele pia, wala hakuna kinachozuia wana wa kiume kupewa zamu ya kwenda kupalilia.

Wakuu wa mji na wa sheferi wana sehemu yao: kupima viwanja na kufikisha bomba kabla ya kuruhusu parsele kuuzwa, kukataza ujenzi kwenye njia za mito, na kuifanya barabara ya Kamanyola hadi Uvira ipitike msimu wote na kwa usalama, maana ndiyo inayofanya makazi mawili kuwa nyumba moja. Nawe msomaji unayefunga mizigo, tanguliza mtu mmoja kabla ya familia nzima. Panga kabla ya kununua, na upange walau masika moja ili uone maji yanapita wapi. Shamba liachie ndugu kwa maandishi, mbele ya mashahidi na kwa masharti ya mavuno, lisije likahesabiwa kuwa limetupwa. Ukikaa Uvira miaka kadhaa, ukapata kazi inayolipa kila mwezi na cheti cha usajili chenye jina lako na la mwenzi wako, hapo ndipo pa kufikiria kuuza. Kabla ya hapo, usiuze.